Usingizi Unavuka Ndundu

Simu ya Imti ilinikuta uani, napepeta mchele wa chakula cha mchana. "Dani," akasema, "Mama hatunaye." Mke wa mwanangu akaja kuniondolea ungo mikononi maana mchele ulikuwa unamwagika. Imti ni mtu mzima, ndevu zimeanza mvi, ana watoto wanaomzidi urefu, na bado ananiita Dani, kwa sababu alipokuwa mdogo jina la Sikudhani lilimshinda akachukua kipande kilichomwenea mdomoni. Walimleta mama yao kutoka Dar es Salaam kuja kumzika Ikwiriri, pembeni ya mumewe, kama alivyoagiza mwenyewe. Kutoka hapa Kibiti mpaka Ikwiriri siku hizi si safari ya kuaga watu. Nilivaa baibui langu nikapanda gari. Nilipofika wanawake walinionyesha niingie chumba cha kati, nikaketi mkekani, nikasalimia, nikainua macho. Ukuta ule wa mbao usiofika darini ulikuwa bado upo. Hapo ndipo machozi yaliponitoka kwa nguvu, mbele ya watu wasionijua, nao wakanipisha nikae karibu zaidi, wakidhani mimi ni ndugu wa damu.

Ya kwetu nitayaacha, yana mahali pake. Inatosha kusema nilikuwa msichana niliyeshuka kutoka milima ya Umatumbini juu ya lori la ufuta, nikavuka mto kwa pantoni pale Ndundu, nikashushwa mbele ya duka la Baba Imti likiwa na harufu ya ufuta, mafuta ya taa na vitambaa vipya. Daraja halikuwapo wakati huo. Nilikuwa nimejiandaa kwa kazi zote za nyumba ya mjini, kufua, kupika, kusugua sakafu, na njiani nilikuwa nikijihimiza nisije nikaonekana mvivu. Mama Imti alinipokea amelala kitandani ubavu wa kushoto, shela lake la pamba limemfunika mpaka kiunoni. Nilimdhania mgonjwa. Alikuwa mwanamke kijana, wa watu wa Kihindi waliokaa Kilwa tangu enzi za babu zao, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko changu, kitu kilichonitia aibu siku ile na siku nyingi zilizofuata. "Wa kufua yupo," akaniambia, "wa kupika yupo. Wewe kazi yako moja tu. Huyu umlaze mchana." Akaonyesha kwa kidevu. Chini ya kitanda walichungulia macho mawili makubwa.

Niliona nafanyiwa mzaha. Kwetu hakuna aliyewahi kuajiriwa kumlaza mtoto. Mtoto hulala palepale usingizi unapomwangusha, kando ya kinu, au mgongoni mwa dada yake anayechota maji. Lakini Mama Imti hakuwa anacheka. Aliniambia mimba mbili zilishamtoka baada ya huyu wa kwanza, na hii ya sasa daktari ameshamwonya: kila mchana ajilaze, asiinue kitu, asiruke, asikasirike. "Na huyu halali," akasema. "Asipolala yeye, silali mimi. Ananipanda tumboni, anataka tucheze farasi. Nikimfungia mlango analia mpaka anatapika, mimi nainuka." Akalivuta shela lake. "Sikudhani, huyu wa sasa nataka nimzae." Alilisema neno hilo bila kulia, kwa sauti ya mtu anayeagiza chumvi, na mimi niliyekuja kutafuta kazi nikajikuta nimeingia katika jambo kubwa kuliko kazi.

Chumba chetu kilikuwa hiki cha kati. Sakafu ya saruji iliyopakwa rangi nyekundu, mkeka, godoro la sufi lililobonyea katikati, dirisha la mbao lenye upenyo ambao mchana uliingiza mstari wa jua mpaka ukutani. Upande wa pili wa ule ukuta wa mbao ndipo alipolala Mama Imti. Mbao ziliishia kichwani kwa mtu mrefu ili hewa ipite, kwa hiyo kilichosemwa huku kilisikika kule na cha kule kilisikika huku, hata mtu akigeuka kitandani. Baada ya adhuhuri Baba Imti alifunga duka, tukala. Chakula cha nyumba ile nakikumbuka kuliko harusi nyingi nilizohudhuria: wali wa nazi, dengu zilizoungwa kwa vitunguu na jira, perege wa mtoni aliyekaangwa akakauka mpaka mifupa inalika, na achari ya embe iliyonitoa machozi wiki nzima ya kwanza nikasema sili tena, nikala. Mama Imti aliniita nile naye sinia moja, akinisogezea upande wenye samaki. Kisha aliosha mikono, akajilaza, na vita vyangu vikaanza.

Imti alikuwa na umri wa kuzungumza kila kitu na kutolala kabisa. Nilimfunga mbeleko nikazunguka naye uani; akaegemeza kidevu begani kwangu akawa ananitangazia dunia. "Dani, kuku. Dani, kuku mwingine. Dani, yule kuku wa kwanza amerudi." Nilimwogesha maji ya uvuguvugu, akachangamka zaidi. Bi. Mwanaidi, jirani aliyekuwa akipika vitumbua, alisikia habari zetu akaja kutoa ushauri kama afanyavyo kila mwanamke Ikwiriri akisikia habari za mtoto wa mwenzake. "Mwanangu, huyu si mkaidi," akaniambia, "ana uchu wa dunia tu. Mshibishe uji mzito, kisha mpake mafuta ya nazi nyayoni." Tukampa uji, tukampaka mafuta. Aliteleza sakafuni akaanguka, akalia, na nikasikia springi za kitanda cha upande wa pili zikilia: Mama Imti ameinuka. Sauti ile ya springi niliiogopa kuliko ukali wowote. Kila ilipolia niliona ni mtoto mwingine anayesogea mbali nasi.

Basi nikaacha ufundi wa watu nikarudi kwenye wangu. Nilikuwa nimeambiwa na shangazi yangu nisithubutu kuzungumza Kimatumbi katika nyumba ya watu, nitaonekana wa shamba, na nilikuwa nimelishika neno hilo barabara. Lakini kumbembeleza mtoto kwa lugha uliyofundishwa ubaoni ni kazi ngumu. Maneno yanatoka yamenyooka mno. Nikamlaza godoroni, nikaanza kumpigapiga mgongoni taratibu kama nilivyowalea wadogo zangu, na neno likatoka lenyewe. Kwetu kulala ni kugonja. "Gonja, baba," nikamwambia kwa sauti ya chini. "Gonja, gonja." Ajabu ikatokea. Imti alitulia. Alijinyoosha chali, mikono ubavuni, akanyamaza kimya, hakuna kuku wala nini. Nikafurahi moyoni. Nikainama kumtazama, nikakuta macho yote mawili yako wazi, yanatazama mlango.

Hivyo ndivyo tulivyoendelea kwa muda mrefu. Nikisema gonja anatulia kama mtoto aliyefundwa, halafu halali. Anatazama mlango, mara dirisha, mara mimi. Muda ukipita ananyanyuka kwa hasira, kilio chake kikiwa kikubwa kuliko cha zamani, nami sielewi nimemkosea nini. Mchana mmoja nikiwa nasinzia mimi badala yake nilisikia watu wanazungumza upande wa pili wa mbao. "Msichana mwenyewe mzuri," Mama Imti alikuwa akimwambia mumewe, "lakini anamdanganya mtoto. Kila siku anamwambia ngoja, ngoja. Angoje nini? Ndiyo maana analia." Baba Imti, mtu wa maneno machache, akajibu, "Kama hawezi, tumrudishe. Tutapata mwingine Kibiti." "Tumpe mpaka mwezi uandame," akasema mama. Sikulala usiku ule kwa kuwaza. Nilijua sijamwahidi mtoto kitu chochote, wala sijamwambia angoje, na niliona naonewa.

Jibu lilitoka kwa Imti mwenyewe. Alikuwa amelala chali kama kawaida, nimesema gonja zangu mpaka koo limekauka, aliponigeukia uso umejaa uchovu wa mtu mzima. "Dani," akasema, "nimengoja."

"Umengoja nini, baba?"

"Nimengoja tu. Hakiji."

"Hakiji nini?"

Akanitazama kwa huruma, kama kwamba mimi ndiye mdogo. "Si wewe unasema ngoja? Ngoja, ngoja, ngoja. Nimengoja. Hakiji."

Nilikaa kitako sakafuni. Katika duka la baba yake neno ngoja lilikuwa neno la heri. Baba Imti alimwambia ngoja, akavunja kipande cha sukari guru akampa. Alimwambia mteja ngoja, akapanda ngazi akashusha doti ya khanga. Mtoto alikuwa amekua akijua kwamba ukiambiwa ngoja ukatulia, kitu kinakuja, na mimi nilikuwa nimemlaza pale siku zote hizo, kwa sauti tamu kuliko zote nilizo nazo, nikimwambia angoje, naye kwa adabu yake alingoja. Alikesha mchana kwa utii. Nilicheka mpaka nikaziba mdomo na upande wa khanga, kisha nikamkumbatia nikalia kidogo, kwa sababu nilimpenda sana saa ile, na sikuwa nimejua kabla ya hapo kwamba nimeshampenda. Kutoka upande wa pili Mama Imti akauliza kuna nini. Nikajikaza nikamweleza juu kwa juu, gonja yetu na ngoja yenu. Kitanda kikaanza kutikisika. "Sikudhani, usinichekeshe," akasema huku akicheka, "daktari amekataza." Tangu siku hiyo hakuna aliyezungumza tena habari ya kutafuta mwingine.

Kufahamu kosa hakukuwa kumlaza mtoto. Nilijaribu kumwambia lala, Kiswahili safi, akaangua kilio. Lala lilikuwa neno la usiku, la kuzimiwa taa na kutengwa na mama. Nikaona basi, kama huyu ameshazoea kungoja, kitu na kije. "Tunaungoja usingizi," nikamwambia. "Unatoka kwetu."

"Kwenu wapi?"

"Kule milimani."

"Unakuja na nini?"

"Unashuka kwa miguu mpaka barabarani, halafu unapanda lori la ufuta."

Malori ya ufuta aliyajua. Akafikiri. "Na pantoni?" akauliza, maana katika nyumba ile kila kilichochelewa, sabuni, bati, mjomba, kilikuwa kimekwama kwenye pantoni.

"Pantoni unaingojea kama watu wote. Lakini Imti, usingizi ukifika hapa ukakukuta umefumbua macho, utadhani hujauita. Utapita, uende Kibiti kwa watoto wa huko."

Alifumba macho kwa nguvu mpaka pua ikakunjamana. Nami nikaanza safari. Nilianzia mlangoni kwa mama yangu, kwenye majani yenye umande, nikateremka vijia ninavyovijua kwa nyayo, nikapita kwa wanawake wanaoanika muhogo juu ya mawe, nikafika barabara kuu, nikapanda lori. Sikuwa na haraka. Lori likapita Somanga ambako kuna harufu ya samaki wakavu, likapita Muhoro, likafika Chumbi ambako watoto wanawinga ndege kwenye mpunga, wanapiga madebe, wanapiga kelele, na usingizi unawapungia mkono. Kisha Ndundu, magari yamepangana, pantoni iko ng'ambo, inakuja polepole, inakuja. Sikumfikisha Ikwiriri siku ile. Pua ilikuwa imekunjuka, mdomo uko wazi kidogo, na jua la upenyo wa dirisha lilikuwa mguuni kwake bila yeye kujua. Nilibaki nimeketi, siamini, naogopa hata kumeza mate.

Safari ile tuliifanya kila mchana tangu hapo. Nikiruka Muhoro alinirudisha. Nikiuvusha usingizi upesi alifumbua jicho moja akasema, "Bado, pantoni iko ng'ambo." Sasa nikiwa mtu mzima naona kilichokuwa kikifanyika, ambacho wakati ule sikukijua: nilikuwa nikienda kwetu. Nilikuwa na hamu ya nyumbani, na kila mchana, bila nauli, nilisimama mlangoni kwa mama yangu nikaona moshi wa jiko lake. Labda ndiyo maana sauti ilitoka vizuri. Siku moja tulipokuwa tukinywa chai ya tangawizi baada ya alasiri, Mama Imti akaniuliza kwa uso mkavu, "Hivi Sikudhani, huo usingizi wako ukishavuka hufikia wapi? Maana mimi sijawahi kufika hata Ndundu. Mwisho wangu Chumbi." Nilishangaa. Sikuwa nimefikiri kwamba abiria ni wawili. Hata Baba Imti aliambukizwa, mteja alipogonga duka mchana nilimsikia akimjibu kwa sauti ya kunong'ona kupitia ufa wa mlango, "Rudi baadaye, mama. Usingizi haujavuka."

Tumbo likakua. Masika yalipokuja mto ulijaa, pantoni ikasimama kweli, na mimi kwa woga wangu nikamwambia Imti usingizi umepita kwa mtumbwi. Nasrini alizaliwa mvua ikinyesha, hospitalini, mzima, na sauti ya kumwamsha imamu. Mama yake alipasuliwa, akarudi nyumbani akitembea kwa kushika ukuta, na agizo la daktari likawa lilelile, ajilaze kila mchana. Sasa katika msiba huu, Nasrini aliniletea chai palepale mkekani. Ni mwalimu, mtu wa miwani, amefanana na mama yake kwa namna ya kuelekeza kitu kwa kidevu. "Wewe ndiye Sikudhani wa usingizi?" akaniuliza. "Mama alisema bila wewe mimi nisingekuwapo. Nilidhani ni utani wake." Nikamwambia amshukuru kaka yake, ndiye aliyefumba macho. Imti alikuwa mlangoni na wanaume, akasikia, akacheka kwa mara ya kwanza siku ile, halafu akageuka upande wa barabara tusimwone uso.

Mwaka ulipotimia nilikuwa nimeposwa huko kwetu, na mchumba mwenyewe nilikuwa namtaka, kwa hiyo sikuondoka kwa huzuni tupu. Shida ilikuwa Imti. Watu wote walikuwa na shauri moja, kwa sababu ndivyo tufanyavyo wote mpaka leo: mtoto haagwi. "Mlaze," akasema Bi. Mwanaidi, "ukiona amezama, toka mlango wa uani. Akiamka atalia, atachoka, atasahau." Mama Imti, kichanga kifuani, alikubali huku anatazama chini. Basi mchana ule nikamlaza. Nikaanzia mlangoni kwa mama yangu, nikapita Muhoro, nikapita Chumbi, akalala. Furushi langu lilikuwa tayari. Nje lori likapiga honi. Nikasimama, nikamtazama, na miguu ikagoma. Mtoto huyu alikuwa ameniamini mimi kwamba akifumba macho kitu kizuri kinakuja. Leo akifumbua akute mtu ameondoka, atayafumba tena lini? Na asipoyafumba, mama yake mwenye kidonda atajilaza saa ngapi? Lori likapiga honi tena. Nikaweka furushi chini nikaketi. Baba Imti akaja kuchungulia. "Lori limeondoka," akasema. "Nimelisikia, baba," nikamjibu, naye akaenda kufungua duka.

Alipoamka nilimwosha uso, nikampa maziwa, nikamwambia, "Imti, mimi nakwenda kwetu. Kesho asubuhi." Sitaki kusema uongo kwamba aliipokea vizuri. Alilia kilio cha kutoa watu sokoni. Alinishika khanga kwa mikono miwili akaning'inia, wateja wakaja kuuliza mtoto ameumwa na nini, na Bi. Mwanaidi akanitazama jicho la si nilikwambia. Mama Imti alitoka akishika ukuta, akaketi karibu yetu sakafuni, jambo alilokatazwa. Kwikwi zilipopungua Imti akauliza nani atauleta usingizi. Nikasema mama anaijua njia. "Mimi naijua mpaka Chumbi," Mama Imti akamwambia. "Kuanzia hapo utanionyesha wewe." Asubuhi yake niliondoka akiwa macho, mikononi mwa baba yake. Nilimpungia. Hakunipungia, na nilivuka Ndundu moyo umevunjika, nikijiambia labda wale waliokuwa na shauri la mlango wa uani ndio waliokuwa na akili.

Kwetu hapakuwa na simu wala habari. Maandalizi ya harusi yakaendelea, wanawake wakaimba, nikasingwa, lakini kila jua lilipofika utosini nilinyamaza katikati ya mazungumzo, nikisikiliza springi za kitanda kilichoko ng'ambo ya mto. Mama yangu alidhani namwogopa mume. Kisha siku moja mchana akaja utingo wa lori la ufuta, kijana mwenye vumbi mpaka kwenye kope, anauliza nyumba hadi nyumba nyumbani kwa Sikudhani ni wapi. Akaomba maji kwanza. Akanywa, akapumua, akasema kuna mama wa Kihindi Ikwiriri amempa ujumbe, akamrudisha mara mbili kutoka garini aukariri tena asije akaukosea.

"Ujumbe gani?" nikamwuliza.

"Kasema nikwambie hivi: kalala. Na yeye mwenyewe kalala."

"Basi?"

"Basi." Akanirudishia kata ya maji, akanitazama ninavyolia na kucheka kwa pamoja, akakuna kichwa. "Sasa dada, hebu nieleze mimi. Mtu aliyelala ananitumaje?"